Maji ya Yudith

Jambo la kwanza lilikuwa tope. Lenyewe dogo, la kufunikwa na ungo, chini ya mwarobaini ulio mbele ya mlango wa Penina. Ungekuwa mwezi wa pili nisingekusumbua na habari zake. Lakini ilikuwa Oktoba, na Oktoba ya Dodoma, kama huijui, ni mwezi ambao hata mate mtu anayafikiria kabla hajayatema. Penina alitoka asubuhi na ufagio wake, akaliona tope lile, akadhani mumewe kamwagilia. Mumewe alipoliona akadhani ni mkewe. Hawakuulizana. Nyumba iliyozika mtoto wiki sita zilizopita haina nguvu ya kuulizana mambo madogo.

Ngoja kwanza nikueleze Chihembe, maana bila hivyo utaona ninakuza mambo. Ni kijiji chetu huku Chamwino, ukishaipita Buigiri na kuiacha lami. Barabara tunayo moja, ya udongo mwekundu, imenyooka toka shuleni hadi kanisani, na pande zote mbili ina miarobaini mia moja na kumi na minne. Wageni wakifika hutoa simu wapige picha. “Hapa mmejaliwa maji,” wanasema. Hatukujaliwa kitu. Tuna kioski kimoja cha maji chenye foleni inayoanza kabla jogoo hajawika, na tuna ubishi. Ubishi ndio uliotuoteshea miti ile.

Sheria tuliitunga wenyewe mkutanoni. Kila nyumba ina miti yake miwili au mitatu, ina uzio wa miiba wa kuzuia mbuzi, na ina kipande chake cha barabara cha kufagia hadi katikati, ambapo siku ya Jumamosi unakutana na jirani wa ng'ambo mnasalimiana. Mti haupewi maji safi; nani ana maji safi ya kumpa mti? Unapewa maji ya kufulia, ya kuoshea vyombo, ya kuogeshea mtoto. Chihembe maji hayamwagwi ovyo. Mtoto akishajua kutembea anafundishwa kwamba beseni likimaliza kazi yake linakwenda mtini, na mtu akizoea hivyo miaka kumi, mkono unajiendea wenyewe hata akili ikiwa kwingine.

Msimamizi wa barabara na miti alikuwa mume wa Penina, Nathanaeli. Kila Jumamosi alipita na spoku ya baiskeli akiichoma kwenye udongo wa kila shina. Ikitoka na unyevu, anakupungia mkono na kupita. Ikitoka kavu, utajibu mkutanoni. Mama yake mzazi alishasimamishwa mbele ya watu kwa ajili ya mti mmoja, akajibu huku akicheka, na mwanawe hakucheka. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Tulimsema sana, lakini kwenye kivuli alichotulazimisha kukiotesha tulikaa wote.

Yudith alikuwa binti yao wa kwanza. Miaka tisa, mwepesi wa maneno, mfagiaji hodari wa kipande chao cha barabara ingawa alifagia vibaya. Aliugua Ijumaa, kutapika na kuharisha, na Jumapili jioni hakuwepo. Siku zote hizo aliomba maji. Penina alilelewa akiambiwa kwamba mtoto anayetapika akinyweshwa maji ndipo tumbo linapozidi kufunguka, naye aliliamini hilo kwa moyo wote. “Mama, kiu,” mtoto anasema. “Subiri tumbo litulie, mwanangu.” Alimlowesha midomo kwa kitambaa, basi. Walipofika zahanati muuguzi aliuliza, “Mlikuwa mnampa maji?” Penina akajibu kwamba hapana, alikuwa mwangalifu, hakumpa hata tone. Muuguzi alimtazama, akainamisha kichwa, akaendelea kutafuta mshipa.

Penina alielewa palepale. Hakuna aliyemlaumu, na kutolaumiwa huko ndiko kulikomtafuna. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndivyo tunavyosema, lakini uchungu wa mzazi aliyemnyima mwanawe maji mpaka akafa, huo sijui nani aujuaye.

Basi, wiki ya pili ya Oktoba miti yetu ikaanza kupukutika kama kawaida yake. Mti wa mbele ya mlango wa Penina ukachipua. Majani yake yalikuwa ya kijani kibichi, laini, yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na wala havikuwa vichipukizi viwili vitatu, ulikuwa mti mzima. Jumamosi Nathanaeli alichoma spoku yake pale shinani ikazama hadi mwisho kana kwamba anachoma ugali, akaichomoa inachuruzika.

“Mnaona?” aliwaambia majirani. “Mti ukitunzwa.”

Mimi nilikuwepo. Nilitaka kuuliza umetunzwa kwa maji ya kisima gani, lakini usoni mwa Nathanaeli kulikuwa na kitu kilichofanana na furaha kwa mara ya kwanza tangu msiba, nikanyamaza. Hilda, jirani yao wa ng'ambo ya barabara, ndiye pekee ambaye hakuja kuutazama mti. Alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono ameikunja kifuani, anatazama chini.

Halafu ukaja ufagio.

Ulikuja alfajiri, kabla watu hawajapita na madumu kwenda foleni. Penina alilala macho wazi, kama alivyolala siku zote hizo, akasikia nje fyaa, fyaa, fyaa. Alidhani ni Hilda kawahi. Alipotoka hakukuta mtu. Kipande chao kilikuwa kimefagiwa hadi katikati, na alama za ufagio zilikuwa fupi fupi, za mkono mfupi, kila mstari umepinda mwishoni kama mkia. Alikuwa amemgombeza Yudith mwaka mzima kwa ajili ya huo mkia. Vumbi lilikuwa limetandazwa vizuri, halina unyayo hata mmoja, wa kwenda wala wa kurudi. Na hewani palikuwa na harufu ya sabuni ya kipande na mafuta ya mgando. Aliijua. Ndiyo harufu aliyoivuta mara ya mwisho alipomwinamia mwanawe kabla hajafunikwa.

“Baba Yudith,” alimwita mumewe kwa sauti ya chini. “Umesikia?”

“Nini?”

“Mtu alikuwa anafagia.”

“Lala, Mama Yudith,” Nathanaeli alisema, na baada ya kulitaja jina hilo hakuna kati yao aliyelala tena.

Watu huogopa usiku. Mimi nakwambia ogopa saa saba mchana ya kwetu, pale jua linapowafukuza watu wote barabarani, mbuzi wamelala ukutani, na kivuli cha mti kimejikunja chini ya mti wenyewe. Ni saa hiyo Penina alikuwa amekaa kizingitini anapepeta uwele, mtoto wake mdogo Anastazia, wa mwaka mmoja na nusu, amelala kwenye mkeka nyuma yake, na hakuna sauti nyingine duniani isipokuwa ungo, ndipo mtu akasema, taratibu, kwa ile sauti ya kukwaruza ya mtoto aliyeita sana akachoka, kutoka pale shinani ambapo hapakuwa na mtu:

“Mama. Kiu.”

Hakukimbia. Ungo ulimponyoka, uwele ukamwagika, akaurukia mtungi wa maji ya kunywa, akajaza kata, akatoka kwenye lile jua miguu mitupu. Alipiga magoti, akamimina polepole kama mtu anayemnywesha mgonjwa. Udongo ulimeza. Nasema ulimeza kwa sababu ulitoa sauti ya koo: gu, gu, gu. Penina aliweka kiganja kwenye gome la mti akalia, na nisikufiche, alilia kwa furaha. Alikuwa amepewa nafasi aliyoiomba kila alipofumba macho.

Tangu siku hiyo alimpa kila mchana. Kata moja, kisha mbili, kisha dumu zima la lita ishirini alilolipangia foleni kwa saa tatu nzima. Alikaa pale shinani akimsimulia habari za shule, nani kamrithi kwenye dawati, nani kagombana na nani. Alimwuliza, “Bado unaumwa, mwanangu?” Jibu lilikuwa, “Mama, kiu.” Akamwuliza, “Unaniwia radhi?” Jibu lilikuwa lilelile. Halikuwahi kuwa na maneno mengine, lakini mama wa namna ile hahesabu maneno. Kwa mumewe hakusema kitu. Nathanaeli aliona mtungi mtupu kila jioni, akaona mkewe ameanza kula, akaamua kutouliza.

Sasa Anastazia. Alianza kwa kulia bila machozi. Kisha nepi zikawa kavu toka asubuhi hadi jioni. Midomo yake ilipasuka, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama, na mtoto anakunywa, anakunywa kikombe baada ya kikombe, anakishika kwa mikono miwili hataki kukiachia. Hakuwa anaharisha wala kutapika. Zahanati walimtundikia dripu, ikaisha mbio mbio kama inamwagwa mchangani, na mtoto akabaki vilevile. Muuguzi alikuwa yuleyule. Alimwambia Penina ampe maji kwa wingi, na Penina akajibu kwa sauti ya kuvunjika kwamba anampa, safari hii anampa.

Siku waliyorudi toka zahanati, saa saba, Nathanaeli alikuwa ndani amempakata mtoto, anamnywesha. Penina alitoka kwenda mtini mikono mitupu, kwa sababu maji yaliyobaki yalikuwa hayo aliyokuwa nayo mumewe kikombeni. Alikwenda kusema subiri. Akasimama pale, na mbele ya macho yake udongo mkavu ukaanza kuwa mweusi, polepole, kuanzia shinani ukienda nje, na ile sauti ikaanza, gu, gu, gu, na kutoka ndani ya nyumba, kwa mpigo uleule, mmezo kwa mmezo, akasikia koo la Anastazia likinywa, na mtoto aliponyamaza ili avute pumzi, mti nao ukanyamaza, na mtoto alipoendelea, mti ukaendelea.

Penina alirudi ndani akampokonya mumewe kikombe. Kisha akamweleza yote, kwa kunong'ona, kana kwamba mti una masikio, na kwa yote niliyoyasikia baadaye sina hakika kwamba haukuwa nayo.

Nathanaeli hakumcheka. Alikwenda dirishani akalitazama tope. Siku ileile mchungaji aliitwa, akaomba kwa muda mrefu mkono wake ukiwa juu ya gome, na siku mbili kukawa kimya. Ya tatu waliamka wakakuta mtungi na madumu mawili ni makavu, vifuniko vimefungwa vizuri, na Anastazia hawezi kuinua kichwa. Nathanaeli alichukua shoka. Mtu aliyeitisha mkutano mwaka juzi kwa sababu ya tawi moja lililokatwa kuni, alitoka na shoka mchana kweupe kuukata mti wa barabara.

“Msikate.” Alikuwa Hilda. Alivuka barabara kwa mara ya kwanza tangu msiba, akaja akasimama kati ya shoka na mti. “Shemeji, usikate. Kilichomo kinaweza kuhamia kwa mtoto moja kwa moja. Mama Yudith, nisikilize. Ni mimi.”

“Ni wewe nini?”

“Siku ile tulipokuwa tunamwosha. Beseni la mwisho nilishika mimi.” Hilda alikuwa anaongea anatazama miguu yake. “Shimo la kumwagia lilikuwa limechimbwa pale uani, kila mtu analiona. Nikainuka na beseni ninalia, sioni mbele. Nilipopata akili niko huku barabarani, beseni tupu, na mti umeshakunywa.”

Maji ya kuoshea maiti kwetu hufukiwa palepale anapooshewa, hata mtoto anajua. Lakini mtoto huyohuyo anajua pia kwamba beseni huenda mtini.

“Mbona hukusema?” Penina aliuliza.

“Ningesemaje? Kwamba nimemwagilia mti maji ya Yudith?”

Nathanaeli aliliweka shoka chini, naye akaketi chini, kwenye vumbi, katikati ya barabara yake. Miaka kumi alikuwa ametufundisha kwamba beseni la maji lisipotee. Hakumkaripia Hilda. Alisema tu, “Nilikuzoesha mimi,” akaziba uso kwa viganja.

Hilda ndiye aliyempigia simu Mzee Zaidi. Huyu ni fundi wa visima wa Busi, kule Kondoa, ndiye aliyetuchimbia kisima cha kioski. Watu wa kazi hiyo hukutana na mambo huko chini wasiyoyasema ovyo, na Zaidi alikuwa na sifa ya kuyajua na kuyafukuza. Alifika kesho yake na pikipiki, mtu mfupi mwenye kucha zilizokwanguka na kikohozi kibaya. Alipoamkiwa shikamoo aliitika marahaba haraka haraka kama mtu anayedaiwa kazi. Alichukua udongo wa pale shinani, akaunusa, akautupa, akajifuta mkono kwenye suruali mara tatu.

“Ni jini la kiu,” alisema. “Haya ndiyo yanayokausha visima. Hayana sura wala sauti, ni kiu tupu inayotembea. Hili lilikuwa linapita zake, likapewa maji ya maiti, likapata sauti.”

“Ni mwanangu,” Penina alisema.

“Linasema nini?”

“Anasema, mama, kiu.”

“Na nini tena?”

Penina aliyahesabu maneno kwa vidole, yakaishia mawili.

“Hayo ndiyo maneno yaliyokuwa midomoni mwa mtoto alipokata roho,” Zaidi alisema, na sauti yake ikalegea kidogo. “Yalioshwa pamoja naye, yakaingia kwenye beseni. Jini halina mengine, litayatoa wapi? Mwanao amelala, mama. Kilicho hapa kimevaa sauti yake, kinamnywa mdogo wake. Akiisha huyo kitaanza na wewe.”

Kisha akawaeleza la kufanya, na lilikuwa baya kuliko shoka. Mti unyimwe maji siku saba. Anayenyima awe yuleyule aliyekuwa anatoa. Kila siku saa saba Penina akae pale shinani na bakuli limejaa maji mapajani, maana kunyima usichokuwa nacho si kunyima. Jini liyaone maji, liyaombe, likose. Asijibu lolote, hata “nyamaza,” hata “nisamehe.” Likijibiwa limepata.

“Siwezi,” Penina alisema. “Mzee, nilishafanya hivyo. Nilimkalia hivyohivyo na maji yako ndani, anaomba. Usiniambie nifanye tena.”

Zaidi aligeuka akamtazama Anastazia, aliyekuwa amelazwa mkekani macho nusu wazi. “Una siku saba,” alisema. “Usipozikaa, huyu hamalizi hata hizo.” Akawasha pikipiki yake, akasema atarudi siku ya mwisho.

Nathanaeli aliitisha mkutano jioni ileile, akatuomba, yeye aliyekuwa hajui kuomba, tusiumwagilie mti ule. Ilibidi aseme, kwa sababu desturi yetu ni kwamba nyumba ikiwa na shida, majirani humwagilia miti yake usiku kimyakimya bila kuulizwa. Tuliitikia. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kwa siku saba tulipita upande wa pili wa barabara na mabeseni yetu tumeyashikilia kwa mikono miwili.

Siku ya kwanza liliomba kwa upole. Siku ya pili liliita kwa namna zote ambazo Yudith aliwahi kuita, toka ile sauti ya Ijumaa iliyokuwa bado na deko hadi ile ya Jumapili, mama kiu, mama kiu, na Penina alikaa na bakuli mapajani, macho kayafumba, meno kayauma, maji yanatikisika. Siku ya tatu majani yalianza kuanguka yangali mabichi. Lakini jioni ya siku hiyo Anastazia alilia, na machozi yakatoka. Penina aliyapangusa kwa kidole, akayaonja, akaenda nyuma ya nyumba akakaa peke yake muda mrefu.

Siku ya tano lilimtafuta Nathanaeli. Yeye hadi siku hiyo hakuwahi kusikia kitu, alikuwa anakaa mlangoni kumlinda mkewe, na ndipo mchana ule, jua likiwa limeganda juu ya barabara tupu na upepo umekufa na hata nzi hawaruki, akasikia kwa masikio yake mwenyewe sauti ya binti yake ikimwita, si mama tena, “Baba, kiu,” mara moja, kwa imani yote ambayo mtoto anaiweka kwa baba yake, na yule mtu mgumu, aliyemsimamisha mama yake mkutanoni, akainuka bila kujijua, akabeba dumu lililokuwa jikoni, akatoka mbio machozi yanamtiririka, akisema, “Naja, naja, mwanangu,” na Penina, asiyeruhusiwa kusema neno wala kumwaga maji ya bakuli, alijilaza kifudifudi kiasi cha kuweza kulizingira shina kwa mwili wake, bakuli kaliinua juu kwa mkono mmoja, akamtazama mumewe. Alimtazama tu. Nathanaeli alisimama. Dumu likamtoka mkononi, likaanguka upande, likamwagikia barabarani mbali na mti, na wote wawili wakayaangalia maji yale safi yakipotea kwenye vumbi, kitu ambacho katika nyumba ile hakijawahi kutokea.

Siku ya sita mti ulibaki fito. Gome likaanza kupasuka, na sauti ikawa hafifu kiasi kwamba ilibidi mtu atege sikio. Anastazia alikuwa anatambaa, amelowesha nepi mara nne, Hilda akizifua na kuzianika kama bendera. Barabarani tulianza tena kusalimiana.

Siku ya saba Penina alikaa peke yake. Alimwambia mumewe abaki ndani na mtoto. Saa saba ilifika, na sauti haikuja. Alikaa. Maji yalikuwa yametulia bakulini. Kwa muda alidhani kwamba mambo yamekwisha, na moyo wake ukafanya jambo la ajabu, ukahuzunika kwa kutoitwa. Ndipo akaisikia, chini sana, haina mkwaruzo safari hii, ni ya mtoto mzima wa afya aliyekaa karibu na wewe anakuambia jambo la kawaida.

“Mama. Usinipe. Mpe Stazia.”

Halikuongezwa neno. Penina alifungua macho. Aliliinua bakuli, akabaki nalo hewani, katikati, si kwa mti wala si kwake, na midomo yake ikiwa imeshajipanga kulitamka jina, na akakumbuka, akaifunga. Upepo mdogo ulipita barabarani, tawi la juu likakatika lenyewe, jepesi, likaanguka bila kishindo. Baada ya hapo hapakuwa na kitu kwenye mti ule. Mtu hujua, kama anavyojua chumba kilichohamwa. Aliinuka, akaingia ndani, akamnywesha Anastazia bakuli lote, taratibu, mpaka tone la mwisho. Mumewe alimwuliza, “Vipi?” Akasema, “Kimya.”

Mzee Zaidi alifika alasiri. Aligonga shina kwa kifundo cha kidole likalia kikavu, akachoma udongo kwa spoku ya Nathanaeli, akaichomoa na kuipuliza vumbi. “Limetoka,” alisema. Nathanaeli alimshika mikono yote miwili. Hilda alipiga magoti palepale akaanza kusali. Mimi na wengine tulisogea, kukawa na maneno mengi, watu wakapeana pole na hongera kwa pamoja, kama inavyokuwa.

Penina alingoja mpaka mzee alipokwenda kwenye pikipiki yake, akamfuata.

“Mzee, ulisema lina maneno yale tu.”

“Yale tu.”

“Haliwezi kuongeza la kwake?”

“Nilikwambia, litayatoa wapi?”

Penina aliangalia nyuma kama kuna anayesikia, kisha akamwambia alichokisikia. Aliyasema yale maneno yote manne, moja moja. Zaidi alikuwa ameshaanza kuvaa helmeti, akaivua. Alikohoa. Alitazama mti, akatazama jua.

“Umekaa juani siku saba, mama,” alisema. “Mtu akichoka...”

“Nimechoka. Lakini nilisikia.”

Mzee aliifuta helmeti vumbi kwa kiganja. “Nimeyafukuza mengi,” alisema mwishowe, kwa sauti ambayo hakutaka imfikie mtu mwingine. “Yanatukana. Yanabembeleza. Sijapata kuona linalokataa maji.”

Penina alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeletewa habari aliyokuwa nayo tayari.

“Basi nimemnyima mara mbili,” alisema.

Zaidi alibaki amesimama, helmeti mkononi. Ndani ya nyumba Anastazia aliamka akilia, na Penina akaenda kumpa maji.